Serikali na kompyuta za kwanta: anzeni na orodha ya funguo

Serikali na kompyuta za kwanta vikitajwa pamoja, mazungumzo hukimbilia fedha za utafiti. Marekani, kwa mfano, ilipitisha sheria ya mpango wake wa kwanta Desemba 2018. Maabara zinahitaji fedha, hilo halina ubishi. Ila kazi inayoigusa kila wizara, hata ile isiyojua kwanta ni mnyama gani, ni kubadilisha usimbaji fiche, yaani njia za kufunga data na mawasiliano kwa funguo za siri, na kazi hiyo huanza na orodha ya funguo zilizopo.

Tangu 1994, mwanahisabati Peter Shor alipotoa algorithimu yake, inajulikana kwamba mashine ya kwanta kubwa ya kutosha itaivunja RSA, mojawapo ya njia za usimbaji zinazotumika sana. Mashine hiyo bado haipo, lakini lengo linasogea karibu: mwaka 2019 makadirio yalikuwa kyubiti (vipashio vya msingi vya kompyuta ya kwanta) milioni 20 kwa saa 8 kuvunja RSA ya biti 2048, mwaka 2025 mtafiti Craig Gidney aliyashusha hadi chini ya milioni 1, kwa muda usiofika wiki. Kilichoboreshwa hapo ni mbinu za hesabu, wala hakuna aliyejenga mashine mpya. Na anayenasa mawasiliano leo anaweza kuyaweka ghalani akingoja.

Ndiyo maana katika kuhama, kubadilishana funguo (pande mbili kukubaliana ufunguo wa siri) kunatangulia saini za kidijitali. Kughushi saini kunahitaji mashine iwepo siku ya kughushi, ilhali siri iliyonaswa imeshatoka. Isipokuwa saini za programu za vifaa vitakavyokaa kazini miaka 15 au 20 na ufunguo uliochomwa kiwandani. Hizo nazo ni za mapema. AES-256, inayofunga data kwa ufunguo mmoja wa siri, iacheni ilivyo. Atakayewauzia mbadala wake kwa hofu ya kwanta anawapotezea bajeti.

Viwango vipo: Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa FIPS 203 (ML-KEM) kwa funguo, na FIPS 204 na 205 kwa saini. Tatizo ni ukubwa. Ufunguo wa X25519, njia ya zamani ya kubadilishana funguo, ni baiti 32. Wa ML-KEM-768 ni 1184. Ukiviunganisha vyote viwili unapata 1216, na salamu ya kwanza ya TLS (itifaki inayolinda mawasiliano ya wavuti), pamoja na mengine inayobeba, haienei tena kwenye pakiti moja ya baiti 1500. Inakatwa vipande viwili. Hapo ndipo kifaa cha ulinzi cha zamani, kilichoandikwa kwa kudhani salamu hufika nzima, husoma nusu kikakata muunganisho. Mtumiaji anaona ukurasa haufunguki, na seva haina kosa lolote ililorekodi. Dawa ni kusasisha kifaa hicho. Kuzima algorithimu kote ni kukwepa kazi.

Kupima ni rahisi ukiwa na programu ya usimbaji ya OpenSSL 3.5 au zaidi:

openssl s_client -connect seva:443 -groups X25519MLKEM768

Ikikataa, jaribu tena kwa X25519 peke yake. Hiyo ikipita, ama seva haijui muungano huo mpya, ama kuna kifaa njiani kinachokwamisha. Rudia jaribio ukiwa ndani ya mtandao wa seva ili ujue ni lipi. Kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, tumia ssh -v utafute mlkem768x25519-sha256 kwenye mstari wa kex (kubadilishana funguo).

Mbona tuunganishe algorithimu mbili? Kwa sababu SIKE, algorithimu mpya iliyokuwa imefika mbali kwenye mchujo wa NIST, ilivunjwa 2022 kwa kompyuta ya kawaida, kwa takriban saa moja. Mpya ikianguka, ya zamani inabaki imeshika.

Orodha yenyewe ya funguo ndiyo inayowashinda wengi. Wanapitisha kichanganuzi cha mtandao, kinaleta vyeti vya TLS, wanaona wamemaliza. Hakikuona VPN, funguo zinazofunga nakala rudufu, vitambulisho vya kadi, wala maktaba za usimbaji zilizofichwa ndani ya programu za wauzaji. Kwa kila mfumo andikeni algorithimu, urefu wa ufunguo, siri ibaki siri miaka mingapi, na nani mwenye mamlaka ya kuubadilisha. Safu hiyo ya mwisho hubaki tupu kuliko zote.

Kisha nendeni kwa watu wa manunuzi. Zabuni inayodai mfumo "unaostahimili kwanta" haidai kitu. Muuzaji yeyote ataweka tiki. Tajeni FIPS 203 na 204 kwa namba, na mdai algorithimu ibadilishwe kwa sasisho la programu bila kununua kifaa kipya. Kifaa kitakachonunuliwa mwaka huu bila sharti hilo kinaweza kuwa bado kazini 2035, mwaka ambao Marekani na Uingereza zimeuweka kuwa mwisho wa kuhama.