Mshahara wa 300,000 na nyumba bado haishikiki

Wenzangu mnaotafuta nyumba ya kwanza Nairobi, pigeni hesabu kabla ya kumlipa mthamini. Nyumba ya milioni 10, malipo ya awali asilimia 10, mkopo kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20: takriban 112,000 kila mwezi. Mshahara wa 300,000 ukishakatwa kodi, SHIF (bima ya afya), NSSF (akiba ya uzeeni) na ushuru wa nyumba unabaki kama 205,000. Toa mkopo, zinabaki 93,000. Sheria ya Ajira inataka theluthi ya mshahara wote, yaani 100,000, isiguswe. Hapo ndipo maombi yanapokwama, na inaniuma sana. Kurefusha mkopo hadi miaka 25 hakusaidii. Bado ni 108,000. Kinachosaidia ni kuweka milioni 2 mwanzoni: malipo ya kila mwezi yanashuka hadi 99,500. Ushuru wa stempu, unaolipwa nyumba inapohamishwa kwa jina lako, asilimia 4, tengeni kando: 400,000 taslimu.