Mfuko wa mahindi na ndoo yangu ya maganda

Jamani hii mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza msiifukie tu shimoni mkadhani kazi imeisha. Dada yangu anakaa Milan, kule mabaki ya chakula wanayaweka kwenye mifuko ya wanga wa mahindi, gari linapita linachukua, basi akaniletea bunda zima hapa Dar. Nikajaza mmoja maganda ya ndizi na viazi nikafukia kwenye mboji, miezi mitatu baadae nachimbua, maganda yameshakuwa udongo mweusi unanukia mvua, mfuko bado upo, umelegea tu! Kumbe mingi imetengenezwa kwa ajili ya mitambo mikubwa ya kuozesha taka yenye joto la nyuzi 58 hivi. Siku hizi natandika gazeti kwenye ndoo, juu namwagia majani makavu, na mchicha wangu umestawi mno.