Giaboksi nzima, sensa mbovu: sufuria ya pilau ilivyoamua kesi

Malindi nzima ilishaizika giaboksi ya gari langu la otomatiki. Fundi mmoja alisema sahani za klachi za ndani zimeungua, mwingine akasema ni kompyuta, na jirani yangu wa tuktuk, ambaye otomatiki hajawahi hata kuiendesha, akanipa namba ya mtu wa Mombasa anayeuza giaboksi zilizotumika kutoka Japani. Elfu sitini na ushei, kazi ya kufunga mbali.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Asubuhi gari ni zima, gia ya nne inaingia, mshale wa revu (mizunguko ya injini) umetulia. Nikishika njia ya Kilifi, nikikaribia Gede, injini inaanza kulia, gia ya nne imekataa, taa ya injini inawaka. Nikiliacha lipoe, linapona lenyewe. Sasa ukimwambia fundi kwamba shida huja gari likipata moto, jibu analo mfukoni: "Bosi, hiyo imechoka. Inateleza."

Haikuwa ikiteleza! Giaboksi inayoteleza, ukikanyaga mafuta revu hupanda na gari halina habari. Langu lilivuta vizuri tu, ila halikutaka kupanda gia ya mwisho. Tofauti hiyo niliieleza mpaka koo likakauka. Mmoja wao alishikilia tubadilishe oili yote ya giaboksi kwanza. Iliyotoka ilikuwa nyekundu, safi, haina hata harufu ya kuungua. Nikamwonyesha. Akasema tumimine mpya, itasaidia. Elfu kumi hivi zikaenda, na Gede ikanipokea vilevile.

Hapo nikanunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosomeka kwa simu. Bei yake ni ndogo kuliko kumlipa fundi mara moja aje na mashine yake, asome kodi (namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari huihifadhi), aifute, aondoke. Kodi ilikuwa P0713, sensa ya joto la oili ya giaboksi, volti juu kupita kiasi. Kwa kawaida hiyo ina maana saketi imekatika mahali, kwenye waya au ndani ya sensa. Fundi aliiona kodi hiyohiyo na akaniambia, "Si unaona, joto! Sahani hizo."

Mimi nikaacha kodi nikaangalia namba zinazotembea. Gari likiwa limelala usiku kucha, kabla ya kuwasha, joto la oili ya giaboksi, la maji ya injini na la hewa inayoingia yote yanapaswa kukaribiana. Yalikaribiana, ishirini na kitu. Basi ikiwa baridi sensa inasema kweli. Nikampa mdogo wangu simu tukaondoka. Hamsini, sabini, themanini, halafu nikamsikia: "Kaka, mbona inasema hasi arubaini?"

Hasi arubaini, Malindi, jua la kaskazi! Kompyuta ikiamini oili ni barafu, inainyima giaboksi gia ya nne ili ipate joto. Ndiyo siri yote, na ndiyo petroli yangu ilikokuwa ikienda.

Nikasimama kando, nikachomoa plagi ya giaboksi. Upande wa gari nikaunganisha nyaya mbili za sensa kwa kipande cha waya, na namba kwenye simu ikaruka hadi juu kabisa. Kwa hiyo waya na kompyuta havina kosa. (Tafuta mchoro wa nyaya kwanza, plagi hiyo ina nyaya za solenoidi pia, vali za umeme zinazobadilisha gia, na hizo si za kuchezea.) Upande wa giaboksi, mita ya umeme haikusoma kitu. Sensa imekatika.

Kufungua sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) na kuitoa sensa hakuna hadithi. Hadithi iko jikoni. Nilitaka kuiona ikikosea kwa macho yangu, nikaifunga kwenye pakiti tupu ya maziwa isiingie maji, nikaizamisha ndani ya sufuria juu ya gesi, mita imeungwa, kipimajoto pembeni. Mke wangu akauliza kama najua hiyo ndiyo sufuria ya pilau. Sensa ya aina hii ukinzani wake hushuka joto likipanda: yangu ilianza na omu elfu tatu hivi, ikashuka taratibu hadi mia kadhaa, na ilipovuka themanini tu, kimya. Nikapunguza moto, ikarudi. Nikapandisha, ikakata. Nikarudia kwa raha zangu mpaka maji yakakaribia kuisha.

Mombasa nilikwenda na mita na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Mzee wa duka la spea akanitazama nikizamisha sensa yake kwenye kikombe. "Mwanangu, umekuja kununua au kupika?" Ya kwanza aliyonipa haikubadilisha namba hata chembe. "Ami, hii imekufa," nikamwambia. Akaijaribu mwenyewe, akaguna, akatoa nyingine. Hiyo ilishuka vizuri, nikalipa, haikufika elfu nne.

Ukishaifunga, oili ipime injini ikinguruma na ikiwa imepata moto, baada ya kupitisha mkono wa gia kwenye nafasi zote. Kodi uifute. Siku hiyo Gede nilipita na gia ya nne, simu ikisoma themanini na sita.