Kutoka Dawati la Msaada hadi Cheti cha Ukaguzi wa Mifumo: Uzoefu Wangu

Nilipoajiriwa mwaka 2018 katika benki moja jijini Dar es Salaam, nilipangiwa dawati la msaada, ambako kazi yangu ilikuwa kufungua akaunti za watumiaji, kubadilisha nywila zilizosahauliwa na kuwapa wafanyakazi wapya haki za kuingia katika mifumo kwa kadiri barua ya idara ya rasilimali watu ilivyoelekeza. Haikuchukua miezi mingi kabla sijaona jambo lililonisumbua: barua za wanaoajiriwa zilinifikia siku hiyohiyo, ilhali za wanaoondoka zilichelewa hata wiki tatu, na kwa muda wote huo akaunti zao zilibaki wazi. Kwa sababu ya akaunti hizo niliamua kujenga maisha yangu ya kazi katika usalama wa taarifa.

Wenzangu wengi walizungumzia CEH, cheti cha udukuzi wa kimaadili, yaani kujaribu kuvunja ulinzi wa mifumo kwa idhini ya mwenyewe ili kubaini udhaifu wake, kinachotolewa na EC-Council, na wachache waliitaja OSCP, cheti kingine cha udukuzi wa aina hiyo, ambacho mtahiniwa wake hupewa saa 23 na dakika 45 za kupenya kompyuta kadhaa, kisha saa 24 nyingine za kuandika ripoti. Nami nilivitamani vyeti hivyo. Kabla sijalipa chochote nilimwendea dada mmoja wa idara ya ukaguzi wa ndani ili anishauri, naye akaniuliza: "Mdogo wangu, katika kazi unazozifanya kutoka asubuhi hadi jioni, zipi mkubwa wako anaweza kuzitia sahihi kwamba umezifanya?" Kwa upande wa udukuzi sikuwa na hata moja, lakini kwa upande wa haki za watumiaji nilikuwa na mafaili yaliyojaa fomu. Swali hilo ndilo lililoniongoza katika kuchagua, na hadi leo sijapata kipimo kilicho bora kuliko hicho.

Nilianza na Security+, cheti cha msingi cha usalama wa taarifa cha CompTIA, mwaka 2020, kwa kuwa haina sharti la miaka ya uzoefu na inagusa msingi wote wa fani, kuanzia usimbaji fiche, yaani kugeuza taarifa ili asiyehusika asiweze kuzisoma, hadi namna ya kukabiliana na shambulio. Mtihani wake una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na ili kufaulu huhitajika alama 750 katika kipimo cha 100 hadi 900. Nilisoma kwa miezi minne, saa moja na nusu kila alfajiri, nikafaulu kwa mara ya kwanza.

CISA, cheti cha ukaguzi wa mifumo ya taarifa kinachotolewa na ISACA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ukaguzi na udhibiti wa mifumo, tangu mwaka 1978, ilinifundisha kwa njia ngumu zaidi. Ada ya mtihani kwa mwanachama ilikuwa dola 575 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.3 wakati ule, mbali na ada ya uanachama wenyewe; niliziweka akiba kwa karibu mwaka mzima. Mwezi Agosti 2021 niliketi mbele ya maswali 150 kwa saa nne, na matokeo ya awali yalipotokea kwenye skrini nikaona kwamba sikuifikia alama ya kufaulu, ambayo ni 450 katika kipimo cha 200 hadi 800.

Niliumia sana, na kwa wiki mbili sikugusa kitabu. Nilipotulia nikagundua kwamba nilikuwa nimejibu kama fundi. Tuseme swali linaeleza kwamba mkaguzi amekuta akaunti za watu walioacha kazi zikiwa bado hai, kisha linauliza afanye nini kwanza. Fundi, kama nilivyokuwa mimi, atazifunga mara moja. Mkaguzi hana mamlaka ya kugusa mfumo anaoukagua, kwa maana akiugusa anaharibu ushahidi na kupoteza uhuru wake wa kutoa maoni. Kwanza hutafuta ni akaunti ngapi, kama zimetumika tangu wenyewe waondoke, na ni hatua gani ya udhibiti iliyoshindwa, ndipo atoe taarifa kwa uongozi. Kwa hiyo katika awamu ya pili, kila nilipokosea swali la majaribio, niliandika katika daftari sababu ya jibu langu kuwa kosa, kwa maneno yangu mwenyewe, na daftari hilo likanisaidia kuliko kusoma kitabu upya. Nilirudi mwezi Machi 2022, nikafaulu.

Katika kipindi hicho niliwahi kupewa bure faili la maswali yaliyodaiwa kuvuja kutoka katika mtihani halisi. Nililikataa, na ninawasihi vijana walikatae, kwa sababu sisi ndio tutakaokabidhiwa siri za wateja, na anayeingia katika fani hii kwa wizi wa siri amejiondolea sifa ya kuaminiwa.

Kufaulu mtihani hakukunipa cheti papo hapo. ISACA hudai miaka mitano ya kazi ya ukaguzi, udhibiti au usalama wa mifumo, ingawa shahada hupunguza sehemu ya miaka hiyo, na mtu aliyekusimamia lazima aithibitishe. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa amekwisha kuhama, nami ilinibidi nimtafute kwa wiki kadhaa, kisha nimkumbushe kazi nilizozifanya chini yake. Laiti ningeandika kila mwezi majukumu yangu na kumwomba ayatie sahihi akiwa bado ofisini, nisingehangaika hivyo.

Cheti kilinifikia mwaka 2023, mwaka uleule ambao Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania, tarehe 1 Mei. Nilihamishiwa idara ya ukaguzi wa ndani, na kazi yangu ya kwanza ikawa kupitia upya utaratibu wa kufunga akaunti za wanaoondoka.

Tangu hapo ninakusanya saa 120 za mafunzo endelevu kwa kila miaka mitatu, zisizopungua 20 kwa mwaka, ambazo bila hizo cheti hufutwa. Sasa nimeanza kusoma CISSP, cheti cha juu cha usalama wa taarifa kinachotolewa na shirika la ISC2, kwa kuwa majukumu yangu yamegusa maeneo kadhaa kati ya manane inayoyapima, na safari hii kila jukumu limeandikwa na kutiwa sahihi mapema. Mtihani nimeupanga mwezi Aprili, kwa sababu ukaguzi wa kufunga mwaka hauniachii alfajiri hata moja ya kusoma.