Nilivyoshiriki Sanja Matsuri bila kubeba mikoshi

Wageni wengi wanaokwenda Asakusa, Tokyo, wikendi ya tatu ya Mei kuona sherehe ya Sanja Matsuri huishia kuona migongo ya watu. Umati hujaa mpaka vichochoroni, kamera juu, na sherehe hupita mbele huku wao wakichungulia. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa lugha, nimepanga chumba mitaa ile ile, na nilitaka kushiriki kama mkazi.

Mlango nilifunguliwa na jirani, mama mwenye duka la tofu chini ya chumba changu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba sherehe ni ya hekalu, lakini wenye kuibeba ni mitaa. Hekalu la Asakusa, la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, lina mitaa 44, na kila mtaa una chama chake cha wakazi, mikoshi zake (vijumba vitakatifu vya kubebwa mabegani) na hanten zake, yaani makoti mafupi ya pamba yenye nembo ya mtaa mgongoni. Asiyevaa hanten ya mtaa hagusi mti wa mikoshi. Basi akanipeleka kwa mzee wa chama, wiki kadhaa kabla ya sherehe. Kwenda mapema ndiko kulikonisaidia kuliko jambo lolote lingine, kwa sababu kazi zilikuwa bado nyingi na mikono michache.

Mikoshi ni kijumba cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi ya kung'aa na kunakshiwa dhahabu, kimefungwa juu ya miti mirefu inayokaa mabegani mwa wabebaji. Waumini huamini kwamba kami, mungu wa hekalu, huingia humo na kutembezwa mitaani awabariki watu wake. Ndiyo maana huitikisa kwa nguvu: mtikisiko huamsha uwezo wake.

Hapo ndipo nilipokuwa na neno la kusema. Mimi ni Mwislamu, na sikuwa tayari kubeba kiti cha mungu. Nilimwambia mzee waziwazi: "Mzee, dini yangu hainiruhusu kubeba. Lakini kazi nyingine yoyote nipe." Nilihofia ataona nimemdharau. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi utashika vitegemeo. Bila hivyo hakuna anayepumzika."

Vitegemeo ni vigoda viwili virefu vya mbao. Mikoshi ya mtaa ina uzito wa mamia ya kilo, haiwekwi chini hata kidogo. Kila kituo, watu wa vitegemeo hutangulia, huviweka chini ya ile miti, na kiongozi hugonga vijiti viwili vya mbao. Ukichelewa, mabega ya watu yanaumia. Ukikiweka kombo, mzigo unalala upande. Ni kazi ya macho na masikio, na nililazimika kumtazama kiongozi muda wote.

Kabla ya hapo tulitundika taa za karatasi, tukanyoosha kamba za majani ya mpunga zenye vipande vya karatasi nyeupe, tukafagia. Ilikuwa kama nyumba yenye harusi kwetu Tanga: kina mama jikoni wanaviringisha matonge ya wali, vijana wanabeba meza, wazee wameketi na daftari la michango.

Jumamosi mikoshi za mitaa, karibu 100, hukusanyika nyuma ya jumba kuu la Senso-ji, hekalu la Kibudha lililo jirani, kisha huondoka moja moja kwenda kutakaswa kwenye hekalu la Shinto. Wabebaji wetu, wanaume kwa wanawake, walipaza sauti "Soiya! Soiya!" mpaka zikakauka. Sake, pombe ya mchele, ilipozungushwa, mama wa tofu alikuwa ameshaniwekea chai baridi ya shayiri bila mimi kuomba. Wema ule sitausahau.

Jumapili nilikwenda kutazama tu. Alfajiri hutoka mikoshi tatu kuu za hekalu, kila moja karibu tani nzima. Zinawakilisha watu watatu: ndugu wawili wavuvi, Hinokuma no Hamanari na Takenari, ambao inasimuliwa kwamba mwaka 628 walinasa sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, katika nyavu zao Mto Sumida, na Haji no Nakatomo, aliyeitambua na kuigeuza nyumba yake kuwa mahali pa ibada. Mimi niliyekulia ufukweni, habari ya wavuvi kuheshimiwa hivyo ilinigusa sana. Kupanda juu ya mikoshi ni marufuku, na hilo si jambo dogo: mwaka 2008 mikoshi kuu hazikutolewa kwa sababu watu walizipanda mwaka uliotangulia.

Anayetaka kwenda asogee mbali na hekalu, kwenye mitaa ya pembeni, asimame karibu na hema la chama cha mtaa. Huko mikoshi husimama, watu huongea, na mgeni mwenye salamu nzuri hukaribishwa.

Jumatatu niliifua hanten, nikaikunja, nikamrudishia mzee. Mwaka uliofuata alinipigia simu kabla sijamtafuta, akataka kujua kama vitegemeo nitavishika tena.