LUKU, kalavati na Hiace inayogeuzia Uyole: siku yangu moja udiwani

Saa 11:10 alfajiri simu inaita. Mtu anayempigia diwani saa hiyo mwezi wa Februari hana salamu ndefu. Ni mwenyekiti wa mtaa wa juu. "Mheshimiwa, mlimani imenyesha usiku kucha."

Dirishani kwangu ua ni mkavu. Wageni wa Mbeya hawalielewi jambo hili: kwetu maji huja bila mvua. Inanyesha huko juu, sisi tumelala, mara kijito kinaanza kunguruma. Tangu Aprili 2024, Mlima Kawetere ulipomeguka na tope likafukia nyumba na shule kule Itezi, hakuna mtu wa upande wetu anayeusikia mngurumo huo akajifunika blanketi tena.

Buti, sweta, kitenge juu ya sweta, tochi. Kalavati la kwanza linapitisha maji vizuri. La pili limebakiza upenyo wa kiganja tu: viroba, chupa za plastiki, nepi, na godoro. Godoro zima la futi nne! Majirani zangu wana tabia ya kungoja mvua ndipo watoe taka, maji yakawapelekee watu wa chini. Nimelisema hilo kwenye mikutano ya mtaa mpaka wakanipa jina, Mama Takataka, na wananiita hivyo wakidhani sisikii. Vijana wawili wa bodaboda wamenisaidia kulivuta kwa kamba ya mkokoteni. Tumeliacha ukingoni limelala kama ng'ombe aliyechinjwa, maji yakapita, na sisi tukawa tumelowa hadi kiunoni. Baridi ya Mbeya saa hiyo haina utani.

Saa 12:30 niko kituoni, nguo kavu. Wanafunzi kama thelathini wamejikunyata. Hiace zinazokuja huku zina kibao kinachosema zinafika kwetu, ila nyingi zinageuzia Uyole. Kukatisha ruti. Asubuhi shida inakuwa nyingine: gari linakuja, konda ananyoosha vidole viwili. Wanafunzi wawili tu, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni Sh 200 na kiti ni kile kile cha mtu mzima.

Konda wa gari la tatu nimemjua tangu anatambaa. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Jana jioni mmetuteremsha Uyole, kwa nini?"

"Mama, huko juu napandisha watu, kushuka nashusha viti. Na tajiri saa tatu usiku anataka hesabu yake, hataki habari za viti."

Hadanganyi. Kipande cha kutoka lami kupanda kwetu kimechimbika, springi zinakatika, na abiria wa karibu wote wamechukuliwa na bajaji. Ila mama aliyelipa nauli ya ruti nzima, akashushwa njiani, akalipa bajaji tena huku kabeba mtoto na ndoo, naye hadanganyi. Leseni ya ruti inatoka LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na nauli inapangwa na LATRA. Mimi diwani sina hata filimbi ya kusimamisha gari. Nina daftari. Tangu Januari naandika: namba ya gari, saa, mahali lilipogeuzia. Kurasa sita sasa. Konda ameliona likitoka kwenye mkoba, akapakia wanafunzi wanane bila kuambiwa.

Saa 2 kasoro niko ofisi ya kata. Foleni ya leo: kijana anayeulizia mikopo ya asilimia 10 (ile ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu), wawili wanaogombea mpaka wa kiwanja (hao nimewarudisha kwa mwenyekiti wa mtaa wao, hawajapita kwake), na bibi mmoja wa miaka 76 aliyekaa mwisho kabisa wa benchi na karatasi zake ndani ya mfuko wa sukari.

Nimemwamkia kwa Kinyakyusa changu cha kuombea maji. Amecheka, akaniambia nikae nimsikilize.

Ananunua umeme wa Sh 2,000. Mwanzo wa mwezi, Sh 1,500 inakatwa kwanza, kodi ya jengo, na yeye anabaki na uniti za kuwashia taa siku chache. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla. Ilianza na Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Mwezi asiponunua, deni linamngoja. Na nyumba yake ina mita mbili, ya pili iko chumba cha uani anakolala mjukuu, nayo inakata. Nyumba moja, kodi mara mbili. Sh 3,000 kila mwezi kwa mtu ambaye sheria inamsamehe: mwenye miaka 60 na kuendelea hatozwi kwa nyumba anayoishi mwenyewe.

"Mwanangu, kama nimesamehewa, mbona mashine haijaambiwa?"

Nimeliandika swali hilo kama alivyolisema.

Mashine haijaambiwa kwa sababu msamaha hauji wenyewe, unaombwa. Na maombi yake yamekwama pale yanapokwama ya wajane wengi: mita zote mbili zina jina la marehemu mume wake. Kitambulisho cha NIDA kinasema jina hili, mita inasema lile, na karani aliyempokea mara ya kwanza alimwambia tu "majina hayalingani" akamwita anayefuata. Bibi amekaa mwaka mzima akiamini amekataliwa. Hakukataliwa. Hakuelezwa.

Hapo tumekaa zaidi ya nusu saa, na foleni imenuna. Mtendaji wa mtaa ameandika barua ya utambulisho kuwa ndiye mjane na ndiye anayeishi humo. Cheti cha kifo kipo, kimekunjwa mara nane. Usimamizi wa mirathi hajafungua. Mjukuu ataenda naye Mahakama ya Mwanzo Jumatatu. Suala la mita ya pili nimelitenganisha liwe na barua yake, kwa sababu ukiandika mambo mawili kwenye barua moja ofisini, litajibiwa lile jepesi.

Saa 4 na robo, kikao cha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira mjini. Nimechelewa dakika kumi na tano, mwenyekiti amenitazama juu ya miwani. Makabrasha yana unene wa tofali. Diwani mgeni husoma ukurasa wa kwanza akaenda mbele. Mwenzenu naanzia kwenye yatokanayo na muhtasari uliopita, maana ahadi ndipo zinapozikiwa. Kuna safu ya mwisho inayoandikwa "utekelezaji", na kuna neno linaloishi humo kwa raha zake: inaendelea.

Mtaro wa kata yangu: "Inaendelea."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ufafanuzi. Inaendelea kwa mita ngapi?"

Makaratasi yakapekuliwa. Mtaalamu akasema mkandarasi yupo eneo la kazi. Nikasema eneo la kazi nimelitoka leo alfajiri, nimekuta godoro, mkandarasi sikumkuta. Wakacheka, na kicheko kile kilinitia wasiwasi, kwa sababu kikao kikishacheka kinahisi kimeshajibu. Nikatoa kipimo changu: nimepima kwa kamba na fundi wa mtaani, mtaro umejengwa mita 40 tangu Novemba. Naomba iandikwe mita 40, na kikao kijacho iandikwe ngapi zimeongezeka. Imeandikwa. Maji yakija leo usiku hayatasoma muhtasari, najua hilo. Lakini safari ijayo hakuna atakayeweza kuandika "inaendelea" mbele ya namba.

Ya daladala yamechukua dakika nne: tutawaalika wahusika. Ya bibi siyo ya kamati hii. Nimekabidhi swali la maandishi kwa ajili ya Baraza la Madiwani. Nimeuliza vitu vitatu: maombi mangapi ya msamaha wa kodi ya jengo yamepokelewa kutoka kata zetu, mangapi yamekamilika, na mwombaji ambaye jina lake halilingani na la mita huelezwa nini, na kwa maandishi au kwa mdomo. Swali la mdomo hujibiwa kwenye korido na kufia hukohuko.

Saa 8 nimekula wali wa Kyela na maharage sokoni Uyole, nyuma ya meza yangu ya nafaka. Udiwani una posho, hauna mshahara. Mchele ndio unaosomesha watoto wangu. Nimeuza debe moja na nusu.

Saa 10 nimerudi kijitoni na mtendaji wa kata. Kuna ukuta umejengwa ukakanyaga njia ya maji, na mwenye ukuta ni mtu wa uwezo. Amenionyesha nyumba za jirani: "Mheshimiwa, ukianza na mimi, utamaliza na nani?" Swali la kiburi, ila lina mfupa ndani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nikiipima kwa kamba ile ile ya mtaro, nusu ya mtaa inaondoka, pamoja na walionichagua na pengine kibanda changu cha kuku. Sijapata jibu linaloniridhisha. Leo nimeshikilia lililo wazi: ukuta wake umezidi mpaka wa kiwanja chake mwenyewe. Mtendaji amempa barua ya siku 14. Na Jumamosi ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mitaro, yeye ametakiwa aje na koleo. Amesema ataleta mtu.

Saa 1 usiku nimepanda Hiace mjini, siti ya nyuma, kitenge kichwani. Tulipofika Uyole konda akagonga bodi: "Mwisho hapa, teremkeni!" Watu wakaanza kusonya na kukusanya mizigo. Nikakaa. Wawili wakanitambua, nao wakarudi kukaa, kisha gari zima. Dereva akatutazama kwenye kioo muda mrefu, akatia gia. Tumepanda taratibu, tukiyumba kila shimo, hakuna aliyezungumza. Kituo cha mwisho nimemlipa, nikamshukuru, na hata hivyo nikaandika: saa 1:50, imefika, baada ya kukaa.

Saa 4 usiku mwenyekiti wa mtaa wa juu anapiga tena. Radi zimeanza upande wa Kawetere.

"Kalavati?"

"Linapitisha, mheshimiwa. Ila lile godoro tuliloliacha ukingoni halipo."

"Limechukuliwa au limerudi majini?"

"Ndiyo naenda kuangalia."

Nimeweka buti karibu na mlango.