Pointi za uhai na muda wa kumsoma bosi

Leo nimeanza upya gemu la Elden Ring na mhusika mpya, na kama kawaida yangu nimekaa kwenye kuchagua tabaka, yaani aina ya mhusika wa kuanzia, muda mrefu kuliko inavyostahili. Matabaka yako 10. Kuna Vagabond mwenye deraya na ngao, kuna mnajimu mwenye fimbo yake ya uchawi, na kuna Wretch, fukara anayetupwa duniani na rungu tu, karibu uchi, kila sifa yake ikiwa 10. Ukweli ni kwamba chaguo hili lina uzito mdogo kuliko linavyoonekana, maana yeyote kati yao anaweza kuja kuwa chochote. Nimemchukua Vagabond kwa sababu ya namba moja: anaanza na uhai wa 15. Mnajimu anaanza na 9.

Sifa ziko 8: uhai, nishati ya uchawi, ustahimilivu, nguvu, wepesi, akili, imani, na ile ya nane inayohusu mambo ya siri. Kila levo inakupa pointi moja ya kuweka unapotaka, na kila levo ni ghali kuliko iliyotangulia. Kinadharia unaweza kuzifikisha zote 99, ukawa levo 713, lakini gemu huisha mapema mno kabla ya hapo. Kwa hiyo pointi unayoiweka huku umeinyima sifa nyingine, na ndipo utamu wa magemu haya ulipo. Pia ndipo watu wengi wanapojitesa bila sababu.

Nimecheza aina hii ya gemu tangu Dark Souls ya 2011, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyoshikilia wazo moja: mhusika ninayemjenga kazi yake kubwa ni kuninunulia muda. Namaanisha muda wa kusimama mbele ya bosi, yule adui mkubwa wa kila sehemu, nikimtazama. Bosi wa gemu la FromSoftware, kampuni inayotengeneza magemu haya, huwa na mapigo yanayojirudia, na kila pigo lina dalili yake: bega linashuka, fimbo inanyanyuliwa, mguu unarudi nyuma. Dalili hizo hazisomeki ukiwa unakufa kila sekunde kumi. Mwenye uhai mdogo huona pigo la kwanza na la pili, kisha skrini inamwambia amekufa. La tano na la sita hajawahi kuyaona. Mwenye uhai mwingi amekosea kukwepa mara tatu, amekunywa chupa yake ya kujiponya, na bado yuko uwanjani anajifunza.

Namba zenyewe zinasema mengi. Katika Elden Ring, uhai wa 25 unakupa damu 800, yaani kiasi cha mapigo unachoweza kubeba kabla ya kufa. Ukifika 40 una 1,450. Ukifika 60 una 1,900. Baada ya hapo, kwenda hadi 99, unaongeza 200 tu. Piga hesabu: kati ya 25 na 40 kila pointi inakuletea damu zaidi ya 40, kati ya 40 na 60 kama 22, na juu ya 60 kama 5. Anayesimama kwenye 20 kwa sababu anataka upanga wake uume zaidi anaacha mezani pointi zenye faida kubwa kuliko zote. Na anayeongeza baada ya 60 anatupa tu runi zake, ile sarafu ya kununulia levo.

Najua jibu la upande wa pili, nimelisikia mara nyingi: ukiongeza madhara, yaani ukali wa mapigo yako, pambano linakuwa fupi, na pambano fupi lina nafasi chache za kufa. Hoja hiyo ina nguvu, sikatai. Ila madhara hayatoki kwenye sifa peke yake. Mwanzoni mwa gemu hutoka zaidi kwa mhunzi. Silaha ya kawaida inapandishwa hadi +25 na zile za kipekee hadi +10, na hatua chache kwa mhunzi zinauma kuliko levo kadhaa za nguvu au wepesi. Mawe ya kufulia silaha yamejaa migodini, na migodi imechorwa kwenye ramani kwa duara jeusi lenye rangi ya chungwa pembeni. Kwa hiyo mpango wangu ni rahisi: mawe yaende kwenye upanga, levo ziende kwenye uhai, na nguvu nipandishe kiasi cha kuweza kuishika silaha ninayoitaka.

Hata hapo kuna njia ya kubana matumizi. Ukishika silaha kwa mikono miwili, nguvu yako inahesabiwa mara moja na nusu. Greatsword, lile pande la chuma linalopatikana kwenye gari lililotelekezwa kule jimbo la Caelid, linadai nguvu 31 na wepesi 12. Kwa mikono miwili nguvu 21 inatosha. Vagabond anaanza na nguvu 14 na wepesi 13, maana yake anahitaji levo saba tu kulibeba. Ngao unaiaga, lakini kwa upanga wa aina hiyo sijawahi kuikumbuka.

Ustahimilivu nauongeza kwa sababu ya uzito zaidi kuliko pumzi. Ukizidi asilimia 70 ya uzito unaoweza kubeba, mhusika wako akikwepa anajiviringisha kama gunia na bosi anakuokota chini. Ukibaki chini ya hapo uko salama. Chini ya asilimia 30 unakwenda mbali zaidi, ila utakuwa karibu uchi. Hakuna zaidi la kusema kuhusu hilo.

Sasa nirudi kwenye kujifunza, maana muda ulionunuliwa unaweza pia kupotezwa. Mfano wangu wa siku zote ni Margit, anayekungoja darajani kabla ya ngome ya Stormveil. Huyu ametengenezwa kuwaadhibu wenye haraka. Ananyanyua fimbo, anaishikilia juu, na mkono wako unakuambia kwepa sasa. Ukikwepa wakati huo umekwisha, kwa sababu fimbo inashuka hasa pale unapoinuka. Wachezaji waliozoea Dark Souls ya kwanza, ambako adui wengi wakinyanyua mkono wanapiga, walimwona mwizi. Mimi naona ni mwalimu mkali ambaye kila somo lake linakuja kutumika baadaye, kwani karibu kila bosi mkubwa baada yake ana pigo la kuchelewesha.

Ninachofanya kwa bosi mgeni ni kuingia bila nia ya kumpiga. Natembea, nakwepa, nahesabu. Natafuta vitu viwili tu: pigo gani linafunga mfululizo wake, na baada ya pigo hilo nina nafasi ya upanga mmoja au miwili. Nikishayajua hayo naanza kupiga, na napiga mara moja hata kama naona nafasi ya mbili. Tamaa ya pigo la pili imeua watu wengi kuliko bosi yeyote. Jambo lingine linalosaidia kuliko watu wanavyodhani ni kukwepa kuelekea kwake, kupitia chini ya mkono unaopiga, badala ya kurudi nyuma. Silaha za mabosi ni ndefu na hatua zao ni ndefu. Ukirudi nyuma unakimbilia mahali pigo linapoishia. Ukipita pembeni yake unatokea mgongoni, na mgongoni ndiko kwenye nafasi.

Chupa nayo ina adabu yake. Mabosi kadhaa wa Elden Ring hukurukia au kukurushia kitu mara tu unapoinyanyua ile chupa nyekundu, hivyo kukimbia mbali na kunywa mbele ya macho yao hakukuokoi. Kunywa baada ya pigo la kufunga, pale pale ambapo ungepiga. Yaani kila nafasi ni uamuzi: damu yako au damu yake.

Kuna mahali wazo langu la uhai linagonga mwamba, na lazima niseme. Malenia, bosi mwingine wa Elden Ring, anarudishiwa damu kila upanga wake unapokugusa, hata ukimzuia kwa ngao. Kwake, mwili mnene unaopokea mapigo ni chakula chake. Uhai bado unakusaidia kulivuka lile dansi lake la mapanga angani bila kufa papo hapo, lakini hauwezi kukufundisha kwa bei rahisi, maana kila kosa linamrudisha nyuma ulikotoka naye. Huko nimebadilisha mhusika mzima. Gemu linaruhusu: ukimshinda Rennala katika chuo cha Raya Lucaria, unaweza kugawa pointi zako upya kwa kutumia kitu kinachoitwa Larval Tear. Dark Souls ya kwanza haikuwa na huruma hiyo, na Bloodborne ya 2015 pia. Ulichojenga ulizikwa nacho.

Bloodborne yenyewe ilikuwa na njia nyingine ya kukupa muda, na mpaka leo naiona kuwa werevu wa hali ya juu. Ukipigwa, damu uliyopoteza inabaki ikining'inia kwa muda mfupi, na ukimrudishia adui mapigo haraka unaichukua tena. Yaani gemu linakusukuma mbele wakati mwili wako wote unataka kurudi nyuma. Kisha ikaja Sekiro mwaka 2019 ikaondoa kabisa mambo ya kugawa pointi kwenye sifa. Damu inaongezwa kwa shanga za sala, nguvu ya upanga kwa kumbukumbu za mabosi uliowashinda, basi. Huwezi kwenda kuua vijitu vya njiani ukarudi mnene. Hapo hakuna mhusika wa kujificha nyuma yake, na marafiki zangu wawili waliokuwa mabingwa wa kujenga wahusika waliiacha katikati. Nawaelewa.

Jambo ambalo linanishangaza ni aibu ambayo watu wamejitengenezea. Kuita majivu ya roho, yaani roho zinazopigana upande wako, yakusaidie ati ni udanganyifu, kutumia uchawi ati ni njia ya watoto, kumwacha bosi na kwenda kwingine ati ni woga. Gemu lenyewe linakukaribisha Limgrave, jimbo la kuanzia, kwa kukuwekea Tree Sentinel njiani, mpanda farasi wa dhahabu ambaye mhusika mpya hamwezi. Ujumbe ni kwamba dunia ni pana, mzunguke. Miyazaki, mwongozaji wa gemu, na wenzake waliweka roho zile kwa makusudi na wakawasawazisha mabosi wakijua zipo. Mimi mwenyewe huwa siziiti katika mapambano ya mwanzo na bosi, kwa sababu moja: bosi anayeshambulia watu wawili hasomeki, mapigo yake yanageukageuka. Nikishamsoma naita, bila aibu yoyote.

Kinachonifurahisha ni jinsi nyongeza ya 2024, Shadow of the Erdtree, ilivyowakuta wale waliodhani kujenga kumekwisha. Walifika na levo kubwa, silaha zimepanda hadi mwisho, wakapigwa na askari wa kawaida. Kule kuna kipimo kingine cha nguvu kinachopandishwa kwa vipande vya Scadutree. Vipo 50, vimetawanyika ramani nzima, na vinakupandisha hadi ngazi ya 20. Anayekataa kuzunguka akang'ang'ania mlango wa bosi anabaki dhaifu hata akiwa levo 200. Kelele zilikuwa nyingi wakati ule, na watengenezaji wakaongeza nguvu ya ngazi za mwanzo. Binafsi sikuona haja. Kuzunguka kutafuta vile vipande kulikuwa nusu ya raha ya kule.

Huyu wa sasa nitampeleka hadi uhai 40 kabla ya kugusa nguvu zaidi ya zile 21. Caelid iko mashariki, farasi ninaye, na lile gari lenye Greatsword linalindwa na mbwa wakubwa ambao sina mpango wa kupigana nao. Nitapita mbio, nifungue sanduku, niondoke.